Kompyuta za waya zinakata, wifi iko sawa. Ruta imekufa au? (Wete)

MtoWaWete
Assalaam aleikum wakuu. Nina duka la fotokopi na kuchapa hapa Wete. Ruta iko dukani mbele. Waya unatoka hapo, unapita uani juu ya ukuta mpaka chumba cha nyuma kwenye swichi ya kompyuta. Kama mita 40 hivi.

Tangu masika yaanze kompyuta za nyuma hazitulii. Taa ya poti inazima, inawaka, inazima tena. Simu kwenye wifi hazina neno. Nikiingia ndani ya ruta naona poti 3, iliyokuwa ikisoma kasi ya megabiti 1000, inashuka 100, na ile namba ya Rx FCS Error (makosa ya kupokea) inapanda huku naitizama. Poti nyingine zote sifuri. Asubuhi ndiyo balaa, jua likikolea inatulia. Fundi aliyenifungia kaja, katizama dakika mbili, kasema ruta imekufa ninunue nyingine. Kabla sijatoa pesa, mnasemaje?

KojaniBoy
Wa alaikum salaam. Nunua mpya tu yakhe, vifaa havikai na huu umeme wetu.

Baharia_IT
Usinunue kitu bado. Poti moja kufa peke yake inawezekana, sikatai, lakini poti iliyokufa haijui asubuhi wala mchana. Kinachougua kwa unyevu na kupona kwa jua kiko nje, na kwako kilicho nje ni waya.

Hakikisha hivi: waya huo uchomoe poti 3 uutie poti 4, halafu laptopu iunge na poti 3 kwa waya mfupi unaojua ni mzima. Namba ikianza kupanda kwenye 4, ugonjwa umehama na waya. Ikibaki kwenye 3, fundi wako kasema kweli.

Hiyo FCS ni hesabu ya kuhakiki. Kila fremu hufungwa mwishoni kwa baiti 4. Anayepokea anapiga hesabu upya, isipolingana fremu inatupwa. Ruta inakuarifu tu kwamba vitu vinaifikia vimeshaharibika. Mimi kinachonishtua zaidi ni huko kushuka 100. Kasi ya 1000 inataka nyuzi zote 8, ila 100 inatosheka na pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo anza na jozi ya buluu na ya kahawia, ambazo 100 haizitumii.

Fundi_Mkoani
Kwani asiilazimishe poti iwe 100 fulu, kutuma na kupokea kwa pamoja? Mie ndivyo nifanyavyo, kelele zinakwisha.

Baharia_IT
Fundi, hapana. Ukilazimisha upande mmoja na swichi ya nyuma iko oto, yaani inapatana kasi na mwenzake yenyewe, swichi haipati wa kukubaliana naye, inaangukia hafu-dupleksi, kutuma na kupokea kwa zamu, na huku ruta inatuma wakati wowote. Pingi, vile vijumbe vya kujaribu, zitapita, faili kubwa litatambaa, na utamtafuta mchawi wiki nzima. Kama anataka kusukuma siku, aache oto kama ilivyo, aondoe alama ya 1000 tu kwenye kasi zinazotangazwa.

MtoWaWete
Nimehamisha. Makosa yamehamia poti 4, na poti 3 na laptopu kimya, sifuri. Nikapanda ukutani. Pale waya unapopinda ganda limepasuka, rangi ya kijivu imekuwa nyeupe kwa jua, ukiuminya maji yanatoka. Kichwa cha upande wa swichi nimekikata: pini 7 na 8 zimeota kijani. Halafu nikakwangua uzi kwa kisu, ndani mweupe! Na niliuziwa kwa bei ya kopa, shaba tupu.

Baharia_IT
Huo ni alumini iliyopakwa shaba. Maji ya chumvi yakiingia baina ya metali mbili zinazogusana, alumini ndiyo inayoliwa kwanza, na kwa upepo wetu wa pwani hapachukui muda. Usiuunge wala usizungushe tepu, toa wote. Chukua wa nje, ganda jeusi, kopa tupu, na uukwangue hapo hapo dukani kabla hujalipa. Upitishe kwenye paipu, na unapoingia ndani uache uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondokee nje.

BintiShengejuu
Na radi je? Sisi tumevuta waya kutoka nyumba ya kaka mpaka yetu. Vuli ilipiga karibu, swichi zote mbili zikafa pamoja.

Baharia_IT
Pole dada. Waya wa shaba baina ya nyumba mbili unaingiza mpigo wa radi pande zote. Mawingu yakifunga uchomoe kila upande, kuzima swichi peke yake hakusaidii. Dawa hasa ni fiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, na vigeuzi viwili vya kuunga fiba na swichi, kioo hakipitishi umeme.

MtoWaWete
Waya mweusi nimeupata Chake. Poti inasoma 1000, FCS sifuri tangu jana, na mvua ya usiku haikuwa ya mchezo. Allah awalipe kheri. Fundi sijampigia bado, nangoja hasira zishuke.

KojaniBoy
Na mie laptopu yangu inajiandikia anwani ya 169.254, ndo waya?

Baharia_IT
Yaweza kuwa. Imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Tizama kama DHCP ya ruta, ile inayogawa anwani, imewashwa, kisha fungua mada yako yakhe, huu wa mwenzako.