Mnaotabiri chipu za mashine za gemu kila wiki, mmeshatutia hasara ya kutosha

Wakuu, habari za saa hizi.

Nianze kwa kusema sijalewa na sina ugomvi na mtu. Ila nimechoka.

Asubuhi kabla ya chai nafungua jukwaa, nakuta uzi mpya: mashine ya mkononi ya Sony inakuja, habari za chipu yake (ubongo wa mashine) zimevuja, nguvu sawa na PS5, ile mashine yao ya kukaa chini ya televisheni. Ni uzi wa nne wiki hii. Kurasa tisa, na mimi kwa ujinga wangu nikazisoma zote mpaka chai ikapoa. Watu wanatajiana majina kama wanahesabu nasaba: Zen hii, RDNA ile (hayo ni majina ya vizazi vya AMD, watengeneza chipu: Zen upande wa hesabu, RDNA upande wa picha), nanomita 3, hapana mkuu ni nanomita 2, yaani udogo wa vijisehemu vya chipu. Anayetaja namba ndogo kuliko wenzake ndiye anaonekana msomi. Kurasa tisa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo fundi redio yeyote angeanza nalo: inakula umeme kiasi gani?

Hebu tupige hesabu ya shule ya msingi. PS5 ikiwa kwenye gemu zito inavuta karibu wati 200. Betri ya Steam Deck ya kwanza, mashine ya mkononi ya 2022, ni wati-saa 40. Gawanya. Dakika 12. Dakika kumi na mbili, wakuu, hujamaliza hata kuchagua nywele za mhusika wako. Na Steam Deck si kidude cha mfukoni. Ikikuponyoka ukiwa umelala chali, pua itakusimulia. Chipu yake imepangiwa wati 4 hadi 15, kwa sababu mikono ya binadamu haikuumbwa kushika pasi. Kutoka 200 kushuka hadi 15 ni safari ya Dar mpaka Kigoma, nyie mnaizungumzia kama Posta kwenda Kariakoo.

Halafu kuna kasi ya memori, ambayo wataalamu wetu hawaigusi kabisa kwa sababu haina jina tamu. PS5 inapitisha gigabaiti 448 kwa sekunde. Nintendo Switch 2, mashine ya 2025, inapitisha kama 102 ikiwa kwenye doki (kituo chake cha kuiunganisha na televisheni) na 68 ukiwa nayo mkononi. Chipu hata iwe na kore (vitengo vyake vya kazi) elfu ngapi, ikikosa data ya kutafuna inakaa inasubiri. Ni kama jiko la kupikia watu mia halafu mlango wake unapitisha sahani moja moja.

Kuna wa kusema mimi mgeni au nina wivu. Mimi nipo kwenye hizi porojo tangu Switch ya kwanza ya Nintendo haijatoka, inaitwa NX.

Mnakumbuka 2016? Nintendo ilikuwa imetaja jina la NX Machi 2015 ikanyamaza, na nyie mkajaza huo ukimya. Julai 2016 tovuti ya Eurogamer wakaandika kwamba ni mashine ya mkononi yenye chipu ya Tegra ya Nvidia na vidhibiti vya kuchomoa. Walikuwa sahihi, nawapa heshima yao. Oktoba 20 ikaonyeshwa, na Nvidia wakatoa andiko lao: Tegra maalumu, yenye usanifu uleule wa kadi bora za picha za GeForce duniani, kazi iliyokula karibu miaka 500 ukijumlisha muda wa wahandisi wote. Kadi bora za wakati ule zilikuwa za kizazi cha Pascal. Basi hapo ndipo mlipochanganyikiwa. "Ni Pascal hiyo, soma katikati ya mistari." Nikasoma katikati ya mistari. Katikati ya mistari hapakuwa na kitu, ni nafasi tupu.

Desemba mwaka uleule namba za kasi ya Switch zikatoka: megahezi 768 upande wa picha ikiwa kwenye doki, 307.2 mkononi, na kore za hesabu za kawaida (CPU) kwenye 1020. Tegra X1, chipu ileile, ndani ya Shield TV (kisanduku cha televisheni cha Nvidia) ilikuwa inafika kama 1000 upande wa picha. Maana yake Nintendo walichukua injini wakaifunga kamba, ili betri isife na mashine isichemke. Hiyo ndiyo habari kubwa ya mwaka mzima, na humu ndani ilipokelewaje? Mliwatukana walioileta. "Hizo ni za mashine ya majaribio, ya dukani itakuwa tofauti." Machi 2017 ikaingia sokoni, watu wakaipasua na kuipiga picha chipu yenyewe: Tegra X1 ya kawaida, Maxwell (kizazi cha kabla ya Pascal), nanomita 20, bidhaa iliyotangazwa Januari 2015. Ile "maalumu" yenu ilikuwa imeshakaa ndani ya Shield TV karibu miaka miwili.

Na kwa sababu ilikuwa chipu ileile, 2018 ikagundulika kasoro kwenye programu yake ya kuwashia, iliyochomwa kiwandani na isiyorekebishika kwa sasisho lolote. Kipande cha waya kwenye reli ya kidhibiti, kebo ya USB, mashine imefunguka. Nacheka mpaka leo. Mamilioni ya mashine zikawa wazi, wakati nyie bado mna uzi wa kurasa mia kuhusu Pascal.

Sasa cha ajabu, mashine ileile yenye chipu "kuukuu" imeuza zaidi ya milioni 150. Gemu zake tamu zilitengenezwa na watu waliojua 307 ni 307 wakapanga kazi zao humo humo. Baadaye Nintendo wakaruhusu baadhi ya gemu zipande hadi 384 mkononi, na tofauti ilionekana kwa macho. Megahezi sabini na kitu tu! Hakuna aliyefungua uzi.

Haya, tuje kwenye hasara yangu.

Machi 2021 shirika la habari la Bloomberg wakaandika kuhusu Switch mpya yenye skrini ya OLED ya inchi 7 na picha za 4K (kali zaidi) ikiwa kwenye televisheni. Mwandishi aliandika alichoambiwa na vyanzo vyake, simlaumu. Nyie ndio mlioongeza chumvi, pilipili na ndimu. Mkaipa jina "Pro". Mkaipa chipu, mkaipa mwezi wa kutoka, mmoja wenu (anajijua, na bado yupo humu anajiita mdau wa ndani) akaandika kwa uhakika kabisa kwamba mwenye Switch ya zamani aiuze sasa hivi, maana bei itaporomoka wiki ya kutangazwa. Nikaiuza. Ilikuwa ile niliyoletewa na binamu yangu kutoka Dubai, haina hata mkwaruzo, na kumbukumbu zote za gemu nilizocheza na mdogo wangu wakati shule zimefungwa. Niliyemuuzia alinipa hela nusu, nusu nyingine akawa anasema kesho, kesho, mpaka akabadilisha namba.

Julai 6, 2021: Switch ya OLED. Skrini nzuri, kiegemeo kipya, na chipu ILEILE. Dola 349.99 kwa chipu ileile. Nikarudi kwenye uzi kumtafuta mdau wa ndani. Ameandika nini? "Pro ilikuwepo, wamei-kansela dakika za mwisho." Hivi kuna dawa ya ugonjwa huu? Ikitokea, alijua. Isipotokea, imefutwa. Mganga wa kienyeji angalau ukimpelekea kuku akakosea, unajua nyumbani kwake.

Septemba mwaka huohuo Bloomberg wakasema wapo watengenezaji wenye vifaa vya kujaribia 4K, Nintendo wakakanusha hadharani, na humu mkatafsiri ukanusho kuwa ni uthibitisho. Hapo ndipo nilipoacha kusoma kwa mwaka mzima. Nilikaa bila mashine yoyote, nacheza nyoka kwenye simu kama babu.

Mtaniambia: lakini T239, chipu ya Switch 2, ilikuwa kweli! Ndiyo, ilikuwa kweli. Iliwezekana kujua kwa sababu Nvidia walivamiwa na wadukuzi mwanzoni mwa 2022 na faili zao zikamwagwa mtandaoni, humo yakaonekana jina la chipu na kore 1536 za picha. Zilikuwa nyaraka, hakuna cha mjomba anayefanya kazi Japani hapo. Lakini hata mlipopewa nyaraka mkononi mliharibu. Faili zilitaja kore, hazikusema mashine itaziendesha kwa kasi gani. Mkajaza wenyewe. Kore 1536 kwenye nanomita 8 za Samsung haziwezi kuingia kwenye mashine ya mkononi, mkasema, kwa hiyo lazima iwe nanomita 4 za kiwanda cha TSMC. Kuna mtu alichora mpaka jedwali lenye rangi.

Juni 5, 2025 Switch 2 ikatoka. Samsung, nanomita 8. Zimeingiaje basi? Wamefanya walichofanya 2017: wamepunguza kasi. Megahezi 561 mkononi, 1007 kwenye doki. Kore nyingi zinazotembea taratibu zinakula umeme kidogo kuliko kore chache zinazokimbia, kwa sababu kadiri kasi inavyopanda ndivyo volti inavyopanda, na umeme unaoliwa unapanda kwa mraba wa volti. Hili lipo kwenye vitabu vya umeme tangu sijazaliwa. Na bado Nintendo wenyewe wanasema betri ni kati ya saa 2 na saa 6 na nusu. Mbili! Hiyo ndiyo bei halisi ya nguvu mliyokuwa mnaishangilia.

Msinielewe vibaya, Switch 2 naipenda, ninayo. DLSS inafanya maajabu: mashine inachora picha ndogo, halafu zile kore maalumu zinaikuza mpaka inapendeza kwenye televisheni. Memori gigabaiti 12, tatu za mfumo, tisa za gemu. Hivi vitu viwili vimenisaidia mimi mchezaji kuliko nanomita zote mlizobishania miaka mitatu.

Na majina mnayoyaabudu yanadanganya pia. Chukueni mashine za mkononi za ROG Xbox Ally zilizotoka Oktoba 2025. Ya bei kubwa ina Ryzen AI Z2 Extreme. Ya bei nafuu ina Ryzen Z2 A. Zote zinaitwa Z2, mtu anadhani ni ndugu wa tumbo moja. Fungua ndani: Z2 A ni kore nne za Zen 2 na picha za RDNA 2, yaani mpangilio wa chipu ya Steam Deck ya 2022, imeongezewa umeme. Sisemi ni mbaya. Nasema ukinunua kwa kusoma jina kwenye boksi umenunua boksi.

Sasa turudi kwa Sony. Kinachojulikana ni kidogo mno. Novemba 2024 Bloomberg waliandika kwamba Sony wanaifanyia kazi mashine ya mkononi, na kwamba huenda ikachukua miaka au isitoke kabisa. Sony hawajaionyesha. Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine za PlayStation, na AMD wameongea hadharani kuhusu teknolojia za picha za mashine ya miaka ijayo, na hawakusema kama itashikwa kwa mkono au itawekwa chini ya televisheni. Basi, yanaishia hapo. Kurasa tisa zilizobaki ni moshi wa jiko lisilo na sufuria.

Ombi langu kwa mamodereta: sitaki mfute nyuzi za tetesi, watu waburudike. Lakini anayefungua uzi wa chipu aandike wati ngapi anazokisia, betri kiasi gani, na kasi ya memori. Akishindwa hayo matatu, uhamishieni jukwaa la ushairi. Na mwenye historia ya "wamei-kansela" zaidi ya mara mbili awekewe alama kwenye jina, tumjue akipita.

NAONGEZA: Kuna mkuu amenifuata inbox ananiuliza kama auze Switch yake ya OLED sasa hivi asubiri ya Sony. Mkuu, usiuze. Na akitokea mtu anataka kuinunua kwa awamu mbili, nitumie namba yake kwanza. Huenda namjua.