Gata zinavuja: nizibe viungio au nibadilishe zote?

Mama Pili
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Nyumba ninayoishi ina gata za bati, ile mifereji ya kukinga maji ya paa, nilizikuta nilipohamia, kwa hiyo umri wake siujui. Mvua kubwa ikinyesha maji yanamwagika sehemu kadhaa upande wa nyuma, na pabaya zaidi ni juu ya mlango wa jikoni. Ukutani hapo rangi imevimba na kubanduka, na chini maji yamechimba mfereji. Fundi wa kwanza kasema ni kuziba viungio tu. Wa pili hakupanda hata ngazi, kasema zing'olewe zote. Nimsikilize yupi?

Fundi wa Mapaa
Dada, usimlipe yeyote kwanza. Subiri mvua, chukua mwavuli, uzunguke nyumba utazame maji yanatokea wapi hasa. Mafundi wengi tunaitwa siku ya jua, ndiyo maana tunabahatisha.

Yakidondoka kwenye kiungio, silikoni, yaani ile gundi ya kuzibia, imechoka. Unakwangua ya zamani yote, unasafisha, unaacha pakauke, ndipo unapaka mpya. Yakifurika kwa mbele, ama majani yameziba mdomo wa bomba la kushushia, ama gata imepoteza mteremko. Inatakiwa ishuke kama milimita 2 hadi 5 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba. Unavuta uzi, unarekebisha vishikio. Hujanunua gata bado.

Ninayoyaogopa ni maji yanayopita nyuma, kati ya gata na ubao wa ukingo wa paa ilikofungwa. Hayo hayana kishindo. Ubao unalowa kila msimu, unaoza, misumari inakosa pa kushika, gata inaanza kuinama. Na watu hawaujui uzito wake: gata ya upana wa sentimita 12 ikijaa hubeba zaidi ya lita 5 kwa kila mita. Mita 10 zilizoziba ni zaidi ya kilo 50 zinazoning'inia kwenye ubao mbovu, tena juu ya mlango watoto wanapopita. Hilo linaninyima raha kuliko rangi ya ukuta.

Siku kavu, mwambie mtu akushikie ngazi, upande na bisibisi. Gonga tumbo la gata kwa mpini: bati zima linalia, lililokwisha linatoa sauti nzito iliyokufa. Kisha bonyeza kwa ncha palipo na kutu, hasa kwenye mstari wa chini ambako matope hukaa. Kutu ya juu juu ikikwanguka ukakuta bati gumu, paka rangi ya kuzuia kutu. Ncha ikizama, usizibe hapo. Silikoni inataka bati zima la kushika, na penye tundu moja la kutu, pembeni yake pameshakuwa pembamba.

Kijana wa Kota
Fundi, na za plastiki je? Zangu zimepauka.

Fundi wa Mapaa
Kupauka peke yake si ugonjwa, ni jua. Minya ukingo kwa vidole. Ikikubali kupinda na kurudi, iache. Ikilia na kupasuka, imekauka, na ufa wa plastiki kavu ukiuziba leo utaendelea mbele. Angalia pia kama kwenye viungio fundi aliacha nafasi. Plastiki hutanuka kwa joto, ikikosa pa kwenda inajipinda.

Mama Pili
Mvua imenyesha. Sehemu nyingine ni matone ya kwenye viungio. Juu ya mlango wa jikoni maji yanapita nyuma, na nilipopanda kulipokauka bisibisi ilizama kwenye gata na kwenye ubao pia.

Fundi wa Mapaa
Basi badilisha kipande hicho cha jikoni, na ubao wake. Kwingine ziba viungio. Ubao mpya upakwe rangi pande zote kabla haujapigiliwa, hata upande usioonekana. Hakikisha ncha ya bati la paa inaingia ndani ya gata. Ikiishia kwenye ubao, maji yatarudi nyuma vilevile hata gata ikiwa mpya. Vishikio visiachane zaidi ya sentimita 90. Na kabla fundi hajakusanya vifaa, mwaga ndoo ya maji upande wa juu. Yote yafike kwenye bomba. Yakituama katikati, arekebishe siku hiyohiyo, maana wiki moja au mbili za maji yaliyosimama zinatosha yai la mbu kuwa mbu kamili.