Hadithi za mashujaa wa farasi wa Ulaya ziwekwe kipera gani?

Mwalimu_Bahi
Wadau, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili sekondari huku Bahi. Kidato cha tatu tumefika fasihi simulizi. Ngano, vigano, tarihi, visasili na soga nimeshaviandika ubaoni. Sasa binti mmoja kasoma kitabu cha Mfalme Arthur cha maktaba, hakitoki mkononi. Ananiuliza: shujaa anayetoka peke yake na farasi wake, akaingia msituni kutafuta hatari kwa ajili ya mwanamke anayempenda, ni ngano (hadithi ya kubuni) au ni kisasili (simulizi la asili ya mambo)? Mwenzake akadakia kuwa ni tarihi, yaani habari za matukio ya kihistoria, maana kuna mfalme. Wakaniongezea la nyumbani: je, kisa cha tembo aliyezama topeni, kinachosemwa ndicho kilichoipa Dodoma yetu jina? Jumatatu nataka niwaeleze waelewe, wasibaki kukariri. Wakubwa mliomo humu, shikamooni.

Mzee_wa_Mpwapwa
Marahaba mwalimu. Somo hilo nimelifundisha mpaka nikastaafu. Nakuomba usianze na vilivyomo ndani ya hadithi. Jitu, mzimu, mnyama anayesema, hao wanahama kipera hadi kipera. Anza na namna msimulizi anavyofungua. Bibi yetu, jioni tukimenya karanga nje ya tembe, akitaka kutupa fisi na sungura alisema "Hadithi, hadithi!" nasi "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Hapo tumeshakubaliana kwamba ni ya kubuni. Ila akieleza ukoo wetu ulikotoka, nani angethubutu kumwitikia uongo njoo? Alitaja watu kwa majina na vilima kwa majina, na sisi kimya. Mulokozi naye, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anatenga za kubuni na zile zinazosimuliwa kama mambo yaliyotokea, na humo ndimo mlimo visakale (visa vya kale vya watu na mahali), tarihi na visasili.

Kwa hiyo tembo wenu ni kisakale. Wape na ile nyingine inayosimuliwa hapa hapa: watu wa Dodoma walichukua ng'ombe wa Wahehe, wakawala, wakabakiza mikia wakaichomeka topeni. Wahehe walipofika wakaoneshwa mikia, wakaambiwa ng'ombe wamezama. Mpe sungura ujanja huo huo, ufungue kwa uongo njoo, tayari una ngano. Mkasa haujabadilika hata kidogo. Mimi kila mwaka darasa lilichangamka hapo.

Arthur usimsukume kwenye vipera vyetu. Masimulizi ya mdomo yalikuwepo kabla, lakini anachosoma binti kimetokana na kazi za kalamu. Karne ya 12, mshairi Chrétien de Troyes alimtungia Marie wa Champagne, huko Ufaransa, kisa cha Lancelot, shujaa wa Arthur, kwa mashairi. Mwingereza Malory akaja kuzikusanya habari za Arthur kwa nathari ya Kiingereza, zikapigwa chapa na mchapaji Caxton 1485. Mimi huziita hekaya za mashujaa.

Binti_Kondoa
Mzee wangu, shikamoo. Kipimo chako nakikubali kwa bibi na karanga zake, ila kwenye tenzi kinagoma. Nimekulia kwenye nyumba ya maulidi, tenzi nilizisikia kabla sijajua kusoma. Mtunzi wa pwani hufungua kwa jina la Mungu, iwe anasimulia yaliyotokea au aliyoyakuza mwenyewe.

Mwalimu, wasomee Utendi wa Tambuka, wa Bwana Mwengo wa Pate, 1728, beti zaidi ya 1,100. Mwaka 630 jeshi la Waislamu lilifika Tabuk, ndiyo hiyo Tambuka, vita havikupiganwa. Ndani ya utenzi ni vita vikubwa mno dhidi ya Herakli, mfalme wa Rumi! Halafu wape utenzi wa shujaa Roland wa Wafaransa. Mwaka 778 nyuma ya jeshi la mfalme wake Charlemagne ilivamiwa na Wabaski milimani. Utenzi wao wa mnamo 1100 ukawageuza wavamizi kuwa Waislamu. Pande mbili za dini, kazi ileile. Hizo mimi naziita tendi, yaani tenzi za mashujaa, na Roland simchanganyi na Lancelot: Roland anakufa akiwa na jeshi, kwa ajili ya mfalme na dini yake. Lancelot yuko peke yake, anamfuata Guinevere, mke wa Arthur.

Mwalimu_Bahi
Asanteni sana. Dada, hapo kwenye tenzi umenifungua macho. Fumo Liyongo je? Naye yuko peke yake.

Mzee_wa_Mpwapwa
Binti yangu wa Kondoa, marahaba, na la tenzi nimelipokea. Liyongo ni utendi, mwalimu, ila mfanye jirani wa Lancelot. Chukua kipande cha gerezani kwenye utendi wa Kijumwa wa 1913: mkate wa wishwa wenye tupa ndani, walinzi wanaudharau wanampitishia, ngoma ya gungu inapigwa nje, naye anakata minyororo sauti isisikike. Kisha soma Lancelot anapoambiwa apande mkokoteni wa wahalifu ndipo apate habari za Guinevere. Anasita hatua mbili tu, anapanda, na baadaye Guinevere anamnunia kwa hizo hatua mbili. Waulize wanafunzi kila mmoja anaogopa kupoteza nini. Vipera waandike baada ya hapo.

Binti_Kondoa
Na gungu waiimbe kweli, mwalimu, wasisome tu. Nusu darasa waimbe, mmoja akate.