"Quite" ni kabisa au ni kiasi?

kalamu_butu: Wakuu habari zenu, naombeni msaada hili neno "quite" linanivuruga. Nimepeleka ripoti kwa bosi, ni Mwingereza, akajibu maneno matatu tu, "It's quite good", mi nikajua nimepasua, mshikaji mmoja ananiambia punguza shangwe hapo hujasifiwa. Kamusi nayo inasema kabisa, mstari wa chini yake inasema kiasi. Nishike lipi?

sarufi_ngumu: Shika yote mkuu, cha kuangalia ni sifa inayofuata. Kama sifa inapanda na kushuka, mfano "good", "cold", "tired", Mwingereza akiweka quite mara nyingi anaipunguza makali, "quite cold" ni kabaridi fulani hivi. Ila sifa isiyo na nusu nusu kama "impossible" au "different", hapo ndo kabisa yenyewe, "quite impossible" yaani haiwezekani hata ufanyeje. Na ukikanusha inageuka tena, "not quite ready" maana yake bado kidogo, amekaribia. Kwahiyo samahani, mshikaji wako yuko sahihi, ripoti yako ni nzuri ya si haba.

mama_lafudhi: Hapo juu umesema vizuri ila usisahau Wamarekani, kwao "quite good" inaegemea kwenye nzuri sana, kwahiyo angekuwa bosi Mmarekani ungesherehekea tu. Halafu hata kwa Waingereza sauti ina kazi yake, akikazia "QUITE good" ujue kuna lakini inakuja nyuma, akikazia "quite GOOD" hapo amefurahi kweli, kama vile hakutegemea.

kalamu_butu: Sasa dada sauti naitoa wapi na kaniandikia 😂

mama_lafudhi: Basi soma kinachofuata, kama hakuna "but" we kaa kwa amani. Waingereza wengi kusifia kwa mkono mfupi ndo adabu yao, siyo lazima amekudharau.

sarufi_ngumu: Niongeze moja inayonasa watu wengi, "quite a few". Mtu anaona "few" anajua ni chache, kumbe ni nyingi tu! "Quite a few people came" maana yake watu walikuja wa kutosha. Na "quite a" ikikaa mbele ya jina inakuwa sifa ya kustaajabu, "she's quite a player", huyo dada ni mchezaji haswa, hapo hakuna cha kiasi. Mpangilio nao uangalie, sema "quite a good idea", ukisema "a quite good idea" watakuelewa ila haiji vizuri masikioni.

mpita_njia: Na msiandike "quiet" jamani, hiyo ni kimya. Kuna mtu humu juzi kaandika "I am quiet sure", kompyuta haimkosoi kwa sababu maneno yote mawili yapo.

kalamu_butu: Asanteni wakuu. Ngoja nikaulize ipi imepungua kwenye ripoti kabla hajaiandika yeye hiyo "but".