Tupeane uzoefu: mume au mke ndiye aliyekuingiza kwenye redio ya ridhaa na Morse?

Mleta mada, Houston

Habari zenu wadau. Naomba tukutane hapa sisi ambao hatukuitafuta redio ya ridhaa, yaani kuwasiliana na watu kwa redio kwa kupenda tu, si kazi; tuliikuta ndani ya nyumba kwa sababu mwenzi anaipenda. Naanza na yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mume wangu wa Tanga, tunaishi Texas. Miaka ya mwanzo ya ndoa nilichojua ni kwamba kila usiku baba watoto anajifungia chumba cha nyuma, visikilizio masikioni, na ukipita mlangoni unasikia kitu kama nyenje analia kwa mpangilio. Ndiyo Morse, herufi zinazotumwa kwa milio mifupi (nukta) na mirefu (mistari). Niliumia sana. Zile saa nilizihesabu kuwa ni zangu, na yeye anawapa watu asiowajua wa Japani na Brazili. Tuligombana kwa hilo zaidi ya mara moja.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, asubuhi, akaniita: "Mama watoto, njoo usikilize kwenu." Alikuwa kwenye masafa ya megahezi 21.150. Akanieleza kuwa hapo kuna vituo 18 vya pande zote za dunia vinavyopokezana, kila kimoja sekunde 10, na baada ya dakika 3 zamu inarudi kwa yuleyule. Tukasubiri, yeye anaangalia saa. Ikaja. Akawa ananichorea nyuma ya bahasha: nukta tano, mistari miwili, nukta mbili, nukta nne, mstari, mstari, nukta tatu. 5Z4B. Kenya.

Baada ya jina hilo kituo hutoa milio minne mirefu ya sekunde moja moja. Wa kwanza ni wa wati 100, wa pili 10, wa tatu wati 1, wa mwisho sehemu ya kumi ya wati. Wa kwanza niliusikia wazi. Wa pili niliupata kwa kuzuia pumzi. Wa tatu mume wangu alisema ameusikia, mimi sikuusikia. Jamani, wati 10 ni taa ndogo ya LED ya varandani, na sauti yake imetoka Kenya hadi kwenye waya tulioutandika darini, maana kanuni za mtaa wetu haziruhusu antena nje. Nilikaa pale mpaka zamu sita zikapita. Sikuweza kuinuka.

Kuanzia siku hiyo nilitaka kusoma mwenyewe bila kuchorewa. Leseni ya kwanza hapa Marekani ina maswali 35, ukipata 26 umepita, na Morse haimo. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huku, waliiondoa kwenye mitihani mwaka 2007. Kwa hiyo Morse nimejifunza kwa mapenzi tu. Mwalimu wangu, mume wangu huyohuyo, ananipigia mluzi toka sebuleni, di ni nukta na daa ni mstari: daa-di-daa-dit, di-di-di-dit, di-daa, di-dit. CHAI. Nami namjibu R, di-daa-dit, nimepata. Chumba cha nyuma sasa kina viti viwili.

Haya, na nyinyi?

Mdau, Mombasa

Dada yangu, umenigusa. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, lakini hili la redio nalieleza kama la jana.

Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa afisa wa redio melini. Nyumbani kwetu ukutani kuna saa aliyopewa meli yao ilipopelekwa kuvunjwa. Uso wake una vipande vyekundu, kimoja kuanzia dakika ya 15 hadi 18, kingine 45 hadi 48. Wajukuu hudhani ni mapambo. Hizo dakika tatu tatu, kila saa, meli zote zilinyamaza kwenye kilohezi 500, ili mwenye shida asikike hata kama redio yake imebaki na nguvu kidogo. Aliponieleza mara ya kwanza niliona ni jambo la ibada kabisa, bahari nzima kunyamaza kumsubiri mtu mmoja.

Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa setilaiti ukakamilika na meli hazikulazimika tena kuwa na mtu wa Morse. Akarudi nyumbani na ufundi ambao hakuna aliyeuhitaji. Alinyong'onyea, nilimhofia. Redio ya ridhaa ndiyo iliyomrudisha. Akaweka waya kutoka kwenye paa hadi kwenye mnazi, akatoa kile kibonyezo chake cha shaba, akaanza upya.

Mimi sikufundishwa. Niko juu ya mbuzi nakuna nazi, yeye yuko chumbani anagonga, na masikio hayana mlango. Siku moja nikajikuta nimejua kwamba anaaga. Hugonga 73, yaani salamu njema, halafu di-di-di-daa-di-daa, kazi imekwisha. Ndipo napakua wali. Alishangaa mwezi mzima chakula kinamkuta mezani kikitoka moshi, mpaka akaniuliza. Nikamwambia: wewe si unaniambia mwenyewe?

Akacheka, kisha machozi yakamtoka. Kesho yake akaniketisha kwenye kiti chake. Leseni yangu ya Mamlaka ya Mawasiliano ninayo, na jina langu la kituo linaanza na 5Z4 kama lake.

Na nyie mnaojifunza, mjue kila mtu ana mkono wake. Mzee wangu mstari wa mwisho wa herufi Q huuvuta kidogo. Hata wagonge watu ishirini nitamtambua.

Mdau, Muscat

Kwangu ni kinyume, mke ndiye aliyenitia humu. Mimi ni Mzanzibari, yeye kazaliwa hapa Oman, na alikuwa na leseni kabla hatujaoana. Huku redio ya ridhaa ina heshima yake. Chama chao kilianzishwa mwaka 1972, na Sultani Qaboos mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa na kituo, A41AA.

Nataka niwaokoe na kosa lililonipotezea karibu mwaka. Nilibandika ukutani chati ya nukta na mistari nikaikariri kwa macho. Basi kila herufi ikija naitafuta kwanza kwenye picha kichwani, nikiipata herufi tatu zimeshapita. Mke wangu akaichana ile chati. Akanianzishia kwa njia ya Koch, Mjerumani aliyeifanyia utafiti miaka ya 1930: herufi mbili tu, K na M, lakini kwa mwendo kamili tangu siku ya kwanza. Ukizipata tisa kwa kumi, unaongezwa ya tatu. Usihesabu nukta. Herufi ni mdundo, kama unavyojua ngoma ni ya msewe au ya kidumbaki kabla hujajiuliza umejuaje.

Dakika 15 asubuhi, 15 usiku, kila siku. Ukikaa saa mbili mfululizo unachoka na hushiki kitu.

Tulipoanza kupigiana mluzi usiku mama mkwe alikataa kabisa, mluzi wa usiku haufai. Tukahamia kwenye tochi. Barazani, yeye upande ule, mimi upande huu. Akimaliza hunitumia 88, ambayo kwa watu wa Morse ni mapenzi na busu. Hiyo sihitaji kuifasiri polepole.

Mdau, Dar es Salaam

Mada nzuri sana. Marehemu babu aliita hii simu ya upepo. Mume wangu ameanza kununua vifaa na mimi natamani nifuatane naye, ila naogopa mambo mawili: sheria na gharama. Mlianzaje?

Mleta mada, Houston

Karibu, dada. Sheria kwanza: kurusha bila leseni hapana, hata dakika moja, na kwenu wanaotoa ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Mwende pamoja muulize utaratibu kabla hamjaongeza vifaa.

Kusikiliza ndiko kunakofundisha. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina redio unayoizungusha mwenyewe kwa intaneti, bure. Nenda megahezi 7 na kidogo, usiku wa Ulaya, utasikia Morse tele.

Antena msiogope, ni waya. Gawa 142.5 kwa megahezi unazotaka, jibu ni urefu kwa mita. Kwa 21.05 ni mita 6.8 hivi, unaukata katikati, kila upande mita 3.4. Wetu wa darini tumeukata kwa mkasi wa jikoni. Kinachogharimu ni redio yenyewe, na hapo mtafute ya mkono wa pili kwa mtu mnayemwamini.

Mama wa Mombasa, shikamoo. Nina ombi. Jumamosi, saa 12 jioni ya kwako, huku itakuwa saa 4 asubuhi. Nikuite kwenye 21.050? Nagonga polepole, maneno 10 kwa dakika.

Mdau, Mombasa

Marahaba mwanangu. Nitakuwepo. Mzee atashika kalamu, kugonga nitagonga mimi.

Mdau, Mombasa

Wadau, nawaletea ya leo. Saa 12 na dakika 4 nikamsikia, chini sana, kama mtu anayesema akiwa upande wa pili wa ukuta. Jina langu la kituo mara mbili, lake mara moja. Nikamjibu, nikampa 539, yaani namwelewa vizuri ila mawimbi yake ni dhaifu. Akaja na SHIKAMOO MAMA, herufi kwa herufi, na yale mawimbi yanapanda na kushuka. Kwenye HALI akazama. Tulisubiri dakika 20 hakurudi.

Mzee ameiandika kwenye daftari lake, saa na masafa, na mbele yake ameandika SHIKAMOO MAMA HALI. Mwanangu, Jumamosi ijayo saa ileile. Unimalizie sentensi.