Naombeni ushauri: mashua ipo kwenye boya Kilwa Masoko na kimbunga kinatajwa

MwanaKilwa
Wakuu, habari za jioni. Tuna mashua ya tanga ya familia, futi 28, imefungwa kwenye boya karibu na gati la Masoko, tunatazamana na kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kilicho kusini yetu. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wametoa tahadhari, na kimbunga kinatarajiwa keshokutwa usiku. Chini kuna tofali la zege la kilo 500 hivi, mnyororo mfupi, halafu kamba ya manila ya buluu, ile inayoelea. Kuipandisha pwani haiwezekani, maji makuu yameshapita na sasa ni maji mafu, hayapandi juu vya kutosha. Kusi likivuma Kisiwani hutukinga, ndiyo maana wengi wananiambia niongeze kamba tu, inatosha.

La pili linanikosesha usingizi. Baba mdogo, ambaye ndiye nahodha, anasema atalala chomboni ailinde. Nifanyeje?

Tezi_na_Omo
Mkuu, usiitegemee kinga ya Kisiwani. Upande wetu huu wa dunia kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki, upepo utaanza kusini. Kitovu kikipita kaskazini yenu utageukia mashariki. Kikipita kusini yenu utageukia magharibi. Njia zote mbili mwishowe unavuma kutoka kaskazini, na hapo Kisiwani si kinga tena, ndiko mashua itakakotupwa. Na asikudanganye mtu kwamba hivi vitu ni vya Msumbiji tu. Lindi kiliingia kimbunga mwaka 1952, na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia.

FundiBoti
Mimi naogopa hilo tofali. Zege likizama hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito, kwa hiyo kilo zako 500 huko chini ni kama 290. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya chombo inakuwa mara nne. Litaburuzika.

Kama lazima ubaki hapo, tupa nanga mbili kuelekea upande upepo utakakoanzia, zikae kama herufi V, kila moja na mnyororo wake na kamba ya nailoni inayovutika. Hiyo ya buluu haivutiki vya kutosha na jua huila. Urefu wa kamba uwe mara saba ya kina, na kina ukipime maji yakiwa yamejaa, ukiongeza kimo cha omo, yaani mbele ya chombo, kutoka majini. Maji mita 6, omo mita 1, hiyo ni kamba ya mita 49. Bado kimbunga chenyewe huinua maji kupita kawaida, usibane.

Halafu angalia pale kamba inapopita kwenye ukingo wa omo. Vyombo vingi hupotea hapo hapo: nanga imeshika vizuri, kamba imesagika. Izungushie gunia au turubai nene, uishone au uifunge isiteleze. Mpira wa maji wengi wanautumia, lakini turubai ni bora kwa sababu maji hupenya yakaipoza kamba. Nailoni ikisuguliwa mfululizo hupata joto na kuyeyuka kwa ndani. Na usifungie kamba zote kwenye kigingi kimoja, nyingine izungushe shina la mlingoti.

BintiChole
Kama kuna hori lenye mikoko karibu, hamia huko mapema. Funga kamba nyingi pande zote, kila moja mti wake, chini kabisa karibu na mizizi. Ila lisiwe hori linalopokea mto, maana mvua ikizidi magogo huja na mkondo. Tanga na foromali, ule mti unaobeba tanga, vishushwe vipelekwe nyumbani, kulikunja tanga tu hakutoshi. Injini ya nje pia iteremshwe.

MwanaKilwa
Hori lipo na halina mto. Lakini nikikaza pande zote, maji yakipwa mashua haitaning'inia?

BintiChole
Ndiyo, usikaze. Kamba ziwe ndefu, ziende mbali, ili ipande na kushuka yenyewe. Funga maji yakiwa yamejaa, kisha subiri yapwe uone zinavyovutika ndipo uondoke.

Tezi_na_Omo
Kuhusu baba mdogo, asilale humo kabisa. Giza, mvua na upepo ule, mtu mmoja hawezi kulegeza wala kubadilisha kamba iliyokazwa na mawimbi, na hakuna atakayeweza kumfuata. Usimkatalie mbele ya vijana wake, mwendee na mzee mwenzake anayemsikiliza. Mwambie yeye ndiye achague miti na kufunga mafundo, maana anajua kuliko nyote, kisha mrudi naye pwani kabla upepo haujaanza. Mashua hutengenezwa nyingine.

MwanaKilwa
Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Nimekwenda na rafiki yake wa tangu utoto, amekubali kushuka. Tunahama kesho maji yakijaa asubuhi. Aliye Masoko na nanga ya akiba au kamba nene ya nailoni ya kuazima, aniandikie usiku huu.