RAV4, X-Trail au CR-V ya mtumba? Familia ya watu watano, sehemu ya joto kali

BabaWatatu
Habari wakuu. Mwezi ujao nabadilisha gari, hii sedani tuliyonayo imetuzidi, watoto wamekua na mchana joto likipanda humo ndani ni tanuri tu. Nataka SUV ya mtumba ya kuaminika, siyo ya kunifanya nijuane na fundi mpaka na watoto wake. Nimebaki na tatu kichwani, Toyota RAV4, Nissan X-Trail na Honda CR-V. Mke anaitaka X-Trail sababu ya buti. Nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

FundiNgumu
Ya mwaka gani? Injini ipi? Oto au manyuo? Imetembea kilomita ngapi? Unasema RAV4 kama vile iko moja, ilianza kutoka 1994 mpaka leo bado zinatengenezwa. Na unaendesha wapi, foleni au barabara ndefu? Bila hayo hapa tunapiga ramli.

mama_mapacha
Na hela hajasema ana kiasi gani 😄 Chukua CR-V kaka, funga mjadala.

Dizeli_Damu
Hizo zote tatu ni gari za kwendea sokoni. Familia ya watoto watatu inataka Prado. Tafuta ile ya toleo la 120 ya dizeli ulale usingizi.

BabaWatatu
Samahani nilikuwa na haraka. Nazotazama ni za 2007 hadi 2012, hela yangu inaishia hapo, mpya zaidi ya hapo lazima nikope na kukopa sitaki. Zote oto. Tuko watano ila bibi yao huja mara kwa mara tunakuwa sita, tunabanana hivyo hivyo. Siku tano za wiki niko kwenye foleni na AC haizimwi, mwisho wa mwezi tuna safari kama kilomita 300 na katikati kuna mlima mrefu. Prado nzuri siiwezi, mbovu siitaki.

Mzee_wa_Cheni
Sasa hapo tunaweza kuongea. X-Trail ya umri huo ni toleo la T31, na nyingi za oto za petroli zina CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua. CVT siyo giaboksi mbaya, ila inafanya kazi kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake ikishachoka kwa joto ndo matatizo yanaanza. Ikipata moto sana inajipunguzia nguvu yenyewe, unakanyaga mafuta gari haiendi, na hiyo hutokea mlimani mchana na watu wamejaa. Nissan wenyewe huko Marekani waliongeza dhamana ya CVT kwa gari zao za mpaka 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000, mtu haongezi dhamana ya kitu kisichomsumbua. CR-V ya 2007 hadi 2011 ina gia za kawaida tano. RAV4 inategemea imetoka wapi, zile za soko la Japani zenye injini ya 2.4 nazo ni CVT, za masoko mengine nyingi ni oto ya gia nne. Kwa hiyo usidanganywe kwamba ukikwepa Nissan umekwepa CVT.

FundiNgumu
Nakubaliana nae isipokuwa kasahau kwamba hiyo 2.4 ya Toyota, 2AZ-FE, za kati ya 2006 na 2009 zinajulikana kwa kula oili. Haivuji popote, moshi huuoni, siku unavuta kijiti cha kupimia oili hakuna kitu. Ukinunua hiyo uwe mtu wa kuvuta kijiti kila ukijaza mafuta.

Dizeli_Damu
Ndo maana nasema Prado.

FundiNgumu
Na 1KD, injini yake ya dizeli, nozeli unalipia wewe? Sili za nozeli zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanaenda kuziba ile chujio ya chini ya sampu (bakuli la oili), injini inakosa oili inajifia. Za petroli 2.7 ningekubali, nzito kupanda lakini ngumu. Ila huyu kashasema haiwezi, tusimfanye auze kiwanja.

Dizeli_Damu
Nozeli zinabadilishwa. Injini ya Prado haifi, inauliwa.

KipepeoMweusi
Ngoja niwaambie yangu, ni ndefu lakini isome yote Baba Watatu sababu wewe ni mimi wa miaka miwili iliyopita. Nilinunua SUV ya rika hilo hilo, jina sitaji. Dalali kaiosha mpaka chini ya boneti panang'aa kama sahani, nikaona hapa nimepata gari ya mtu msafi. Nikaizungusha mtaani dakika kumi, AC baridi, mshale wa joto katikati, nikalipa. Wiki ya pili tukasafiri, watoto nyuma wamelala, tunapanda mlima, na mimi jicho kwenye mshale, uko nusu vile vile haujasogea. Mara nikasikia harufu tamu tamu, kama sharubati inachemka. Kisha AC ikaanza kutoa upepo wa moto. Nikamwambia mke wangu gesi imeisha, tutaijaza tukifika, fungua vioo. Nikaendelea kama kilomita nne hivi na ujinga wangu. Halafu ule mshale ukaruka kutoka nusu mpaka kwenye nyekundu kwa mara moja kama umesukumwa na mtu, nikasimama, mvuke umejaa. Tulikaa saa tatu kwenye kivuli cha lori bovu, mdogo akaniuliza baba gari inapika nini. Sikuwa na la kumjibu.

Fundi alipotoa rejeta akanionyesha tangi la plastiki la juu, lina ufa mwembamba kama unywele, na juu ya ufa kumepakwa gundi nyeusi ikapulizwa na rangi. Ndo maana chini ya boneti paling'aa! Themostati, ile valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, haikuwepo kabisa, imetolewa. Hedi, kile kichwa cha injini, ilikuwa imepinda, gasketi imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, pale pana alama nyeusi kama mtu kachora na makaa. Nikachonga hedi, ikarudia miezi mitatu, nikaiuza kwa mtu aliyejua ni mbovu. Kwa hiyo nyie bishaneni RAV4 na CR-V, mimi nasema angalia rejeta.

mama_mapacha
Pole sana jamani. Ilikuwa gari gani?

KipepeoMweusi
Sitaji. Nikitaja wenye nayo watakuja hapa kunitukana na kosa halikuwa la kiwanda.

Dizeli_Damu
Ilikuwa Subaru hiyo.

ForesterMpakaKifo
Nimeitwa? Kaka, Subaru ina shida gani na wewe? Forester za injini ya zamani ya EJ ndo zilikuwa na mambo ya gasketi na mkanda wa taimingi, kuanzia 2011 hivi waliweka injini ya FB yenye cheni. Na Forester ya SH, kizazi cha tatu, ni oto ya gia nne, haina CVT. Baba Watatu hata hakuiweka kwenye orodha na ndo gari bora kuliko hizo tatu ukiwa na mlima.

KipepeoMweusi
Haikuwa Subaru. Yaishe.

FundiNgumu
Hapo kwenye AC ndugu yetu kasema kitu cha maana bila kujua. Injini ikizidi joto kompyuta inaikata kompresa ya AC ili kuipunguzia mzigo. Kwa hiyo AC ikigeuka moto ghafla unapanda mlima usiwaze gesi, simama pembeni. Na ule mshale kubaki nusu ni kawaida, kwenye gari nyingi za siku hizi umetengenezwa kukaa katikati ikiwa injini ina digrii 80 au ina 100, ili wateja wasiogope. Maji yakishaisha kabisa nayo sensa inabaki inapima hewa, itakwambia nini? Nunua kale ka-skana kadogo ka OBD ka kuchomeka chini ya usukani, kanakupa namba yenyewe kwenye simu.

Joto_Kiasi
Samahani lakini kutoa themostati kwenye nchi ya joto ni sawa tu, mimi gari zangu zote nimetoa na hazijawahi kuchemsha. Hiyo kitu iliwekwa kwa ajili ya watu wa baridi.

FundiNgumu
Mungu wangu.

Mzee_wa_Cheni
Joto_Kiasi, kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina valvu mbili, ikifunguka ya rejeta ile ya chini inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, sehemu ya maji ya moto yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani unaweza ukaitoa kwa kuogopa kuchemsha na ukachemsha kwa sababu umeitoa. Na ile isiyochemsha inakaa baridi muda mrefu, inakunywa mafuta, na oili inaharibika mapema.

Joto_Kiasi
Yangu haichemshi. Nadharia na barabara ni vitu viwili.

Mzee_wa_Cheni
Ya kwako ni gari gani?

Joto_Kiasi
Pikapu ya 1989.

mama_mapacha
😂😂😂

FundiNgumu
Na maji ya bomba unatia?

Joto_Kiasi
Ndiyo, maji ni maji.

FundiNgumu
Naenda kulala.

mama_mapacha
Turudi kwa mwenye mada, maana mimi ndo nabeba watoto kila siku. Kaka, kwa joto angalia matundu ya AC ya nyuma, yapo au hayapo, hilo wanaume hawaangalii kabisa wanakimbilia boneti. Kaka yangu ana Mazda CX-5 ya toleo la kwanza, gari nzuri na gia sita za kawaida, lakini nyuma haina matundu, mtoto yuko kwenye kiti chake anatoka jasho na mimi mbele nimejifunika mtandio. Kaa siti ya nyuma wewe mwenyewe dakika ishirini saa saba mchana kabla hujalipa. Vioo vya nyuma viwe vya giza, na siti za ngozi nyeusi sahau, paja la mtoto linaungua.

Mzee_wa_Cheni
Dada kasema. Na kwenye CR-V ambayo wewe mwenyewe unaisifia, kompresa ndo ya kuangalia. Za kizazi cha pili, kabla ya 2007, zilijulikana kwa kompresa kujisaga na kutapika vyuma kwenye mfumo mzima, unabadilisha mpaka kondensa. Ukiwasha AC ukasikia inakwaruza, ondoka.

mama_mapacha
Yangu ni ya 2009 na inagandisha 😌

Mpita_Njia3
Mko sita na gari ya watano, hiyo nayo ni sawa? Bibi anafunga mkanda upi? Tafuta yenye siti saba, Toyota Vanguard ni RAV4 ile ile imerefushwa, zipo za siti tano na za saba.

BabaWatatu
Hiyo ya mkanda umenigusa, kweli hatuna jibu. Vanguard sikuifikiria. Ila 2.4 yake siyo ile ile inayokula oili?

FundiNgumu
Ndiyo ile ile. Na CVT. (Sijalala.)

Mpita_Njia3
Basi vuta kijiti. Kila gari ina ugonjwa wake.

FundiNgumu
BabaWatatu, gari yoyote utakayoenda kuiona mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Fika, shika rejeta na mkono, iwe baridi. Fungua kifuniko chake, maji yawe na rangi safi, siyo ya kutu na yasiwe na utando wa mafuta. Kifuniko chenyewe kimeandikwa 0.9 au 1.1, kile ndo kinashikilia presha, maji yenye presha ya 1.1 hayachemki mpaka yafike kama digrii 120, kwa hiyo mpira wake ukiwa umechanika unachemsha gari nzima kwa sababu ya kidude cha kiganjani. Kisha iwashe, AC mwisho, iache imesimama nusu saa juani. Sio kuiendesha, kusimama. Ikiwa na feni mbovu au rejeta imeziba itajisema hapo. Angalia na tairi, zina namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Kashata (meno ya tairi) inang'aa lakini mpira umezeeka, kwenye lami ya moto zinapasuka.

ForesterMpakaKifo
Namba za tairi zinasomwaje kama ni tatu?

FundiNgumu
Kama ni tatu ni za kabla ya 2000, kaiuze makumbusho.

BabaWatatu
Wakuu mrejesho. Leo nimeenda kuona mbili. X-Trail ya 2010, muuzaji nilimwambia jana kwenye simu asiiwashe, nimefika boneti ya moto, anasema aliisogeza tu kutoka kivulini. Chini ya boneti paling'aa. Nikamkumbuka KipepeoMweusi nikachungulia tangi la juu la rejeta na tochi ya simu, kuna sehemu rangi yake nyeusi imezidi. Nikamwambia nitampigia. Mke kanuna, buti lile kalipenda.

Ya pili CR-V ya 2008, chafu, vumbi mpaka kwenye betri, ila rejeta baridi na maji ya kijani safi. Nusu saa juani na skana niliyonunua asubuhi ilicheza 88 hadi 96, feni inaingia na kutoka. Tatizo tairi mbili za nyuma zimeandikwa 1412 na nikiwasha AC kuna mlio mdogo, "tk", mara moja tu feni ikiingia. Hiyo ndo kompresa mliyosema au ni kitu kingine?

Mzee_wa_Cheni
"Tk" moja ni klachi ya kompresa inashika, kawaida. Inakwaruza baada ya hapo au kimya?

Joto_Kiasi
Toa themostati uone kama mlio utabaki.

FundiNgumu
Mtu amfungie huyu.

Dizeli_Damu
Kwa hiyo Prado hukwenda hata kuiangalia?